Maisha ya Mtakatifu Agostino, Aliyekuwa Mkatekumeni Miaka 32

Kila mwaka, tarehe 28 ya mwezi wa Agosti, Mama Eklezia hufanya sikukuu ya Mtakatifu Agostino, Askofu na Mwalimu wa Eklezia. Picha zake humwonyesha amevaa kofia ya kiaskofu, naye ameshika kitabu mkononi. Mtu aitazamapo picha ile aweza kudhani kwamba Agostino alizaliwa mtakatifu. Sivyo. Yeye naye alikuwa mkatekumeni kama ninyi, tena mkatekumeni mzito wa miguu: ilipita miaka 32 kabla hajafika penye maji ya Ubatizo. Katika miaka hiyo swali moja lilimnyima usingizi, nalo ndilo liwasumbualo watu wengi vijijini mwetu hata leo: ubaya umetoka wapi? Ikiwa Mungu ni mwema, naye ameumba vyote, ni nani basi aliyeuleta ubaya duniani?

Agostino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Leo mji ule huitwa Souk Ahras, na nchi yake Aljeria. Zamani zile nchi hizo zote zilitawaliwa na Kaisari wa Roma. Baba yake, jina lake Patricius, alikuwa mpagani mwenye mali kidogo na hasira nyingi; alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Mama yake ni Mtakatifu Monika, ambaye mama wakristu wamjua vema. Monika alimpeleka mwanawe kwa Eklezia angali mchanga. Wakamtia alama ya msalaba, wakamwonjesha chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya kuwapokea wakatekumeni, lakini hawakumbatiza. Siku zile wazazi wengi walichelewesha Ubatizo wa watoto, wakiogopa wasije wakauchafua kwa dhambi za ujana. Siku moja mtoto alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akawa karibu kufa, akaomba mwenyewe kubatizwa. Mama akaanza kutayarisha yote kwa haraka. Mara mtoto akapona, na Ubatizo ukaahirishwa tena. Alipokwisha kuwa askofu, Agostino aliisikitikia sana desturi ile, maana mgonjwa hacheleweshewi dawa ati kwa sababu aweza kuugua tena.

Wazazi walimpeleka shule katika mji wa Madaura. Alikuwa na akili kali kuliko wenzake. Alipofika umri wa miaka 16 fedha za baba zikapungua, akarudi nyumbani kukaa bure mwaka mzima. Na ninyi mwajua kijana akaaye bure hupata marafiki wa namna gani. Karibu na shamba la mizabibu la baba yake palikuwa na mti wa matunda yaitwayo mapeasi. Usiku mmoja yeye na kundi la vijana walikwenda kuutikisa mti ule, wakachukua mzigo mzima wa matunda, wakayaonja machache, na mengine yote wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Matunda yenyewe hayakuwa mazuri. Nyumbani kwake yalikuwako mazuri zaidi.

Labda wasomaji watacheka kwamba mtu mkubwa namna hii aliandika kurasa nyingi juu ya matunda ya wizi, na kumbe dhambi zake nyingine zilikuwa nzito zaidi. Lakini Agostino alijua alichokitafuta. Mwizi aibaye muhogo kwa njaa, twaona sababu yake. Mtu amchukiaye jirani kwa ajili ya shamba, twaona sababu yake pia. Lakini yeye aliiba kwa nini? Alijichunguza hata akaona kwamba alipendezwa na ule ubaya wenyewe, na kicheko cha wenzake. Kama angalikuwa peke yake asingaliiba. Basi hapa palikuwa na ubaya usiotoka katika njaa, wala katika umaskini, wala kwa adui. Ulitoka wapi?

Mnamo mwaka 371, kwa msaada wa tajiri mmoja wa Thagaste, alikwenda kusoma Karthago, mji mkuu wa nchi zile. Huko akakaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto mwanamume, wakamwita Adeodatus, maana yake, aliyetolewa na Mungu. Huko pia akaingia katika dini ya Wamani, akakaa humo miaka kama tisa.

Mani alikuwa mtu wa Uajemi, aliyekufa zaidi ya miaka 70 kabla ya kuzaliwa kwake Agostino. Alifundisha kwamba tangu mwanzo kuna nguvu mbili zipiganazo, nguvu ya nuru na nguvu ya giza, wala hakuna iliyoiumba nyingine. Ulimwengu huu, alisema, ni mchanganyiko wa vita vile, na mwili wa mtu umetoka gizani. Mafundisho haya yalimpendeza Agostino kwa sababu mbili. Ya kwanza, yalionekana kujibu swali lake. Ya pili, naye aliikiri baadaye bila kujificha, yalimpa udhuru. Akitenda dhambi, aliweza kusema kwamba si yeye aliyetenda, ila ile giza iliyo ndani yake.

Tusimame hapa kidogo. Je, hakuna Wamani kati yetu? Mtoto akifa, tunatafuta ni nani aliyemloga. Kijana akipoteza kazi kwa sababu ya pombe, husema kwamba mjomba amemfunga. Mume akimpiga mkewe, husema pepo alimwingia. Twaamini kwamba shetani yuko, nasi twamkataa siku ya Ubatizo. Lakini shetani si mungu wa pili. Naye ni kiumbe. Aliumbwa mwema, akajiharibu mwenyewe kwa kiburi. Na hakuna kiumbe awezaye kunilazimisha nikubali dhambi ikiwa mimi sitaki. Na ni wazee wangapi, wajane hasa, wamefukuzwa na kupigwa kwa sababu watu walitaka kuupa ubaya jina la jirani!

Wakati Agostino alipokuwa akifundisha shule huko kwao Thagaste, rafiki yake mpenzi alishikwa na homa. Alipopoteza fahamu jamaa zake wakambatiza. Rafiki akapata nafuu, na Agostino akaanza kuudhihaki Ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Yule kijana akamtazama kama mtu amtazamavyo adui, akamwonya aache mara moja maneno ya namna hiyo ikiwa anataka kubaki rafiki yake. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa katika neema. Agostino alilia hata akauchukia mji wake wote, akarudi Karthago.

Wamani walimwahidi kwamba mwalimu wao mkuu, Faustus, atamjibu maswali yake yote. Faustus alifika, alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye adabu, lakini hakuwa na majibu. Tangu siku ile imani ya Agostino katika Mani ikalegea. Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma. Alimdanganya mama yake pale bandarini. Monika alipokuwa akisali usiku katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, meli iliondoka na mwanawe. Mwaka 384 akapata kazi kubwa katika mji wa Milano, kufundisha ufasaha wa maneno. Monika akamfuata huko.

Askofu wa Milano alikuwa Mtakatifu Ambrosi. Agostino alikwenda kumsikiliza kwa sababu ya usemi wake mzuri, na maana ya maneno ikaingia pamoja na usemi. Akaanza pia kusoma vitabu vya wenye hekima wa Wagiriki. Hapo swali lake la zamani likapata njia, naye akaona kwamba alikuwa ameuliza vibaya. Alikuwa akiuliza ubaya ni kitu gani, na ni nani aliyeuumba. Kumbe ubaya si kitu kilichoumbwa.

Wakatekumeni wapenzi, jambo hili ni gumu kidogo; lifikirini kwa mfano wa mtumbwi. Fundi amechonga mtumbwi mzima, mzuri. Baadaye pakatokea tundu chini yake. Tundu ni nini? Si mti, si chuma, si kitu uwezacho kukishika na kukiuza sokoni. Ni mahali palipopaswa kuwa na mti, na mti haupo. Pasipo mtumbwi hakuna tundu. Hata hivyo tundu laweza kuwazamisha watu kumi ziwani. Asemaye kwamba tundu si kitu kilichochongwa hasemi kwamba halina hatari! Ndivyo ulivyo ubaya. Mungu aliumba vyote vyema. Ubaya ni wema uliopungua, uliopotoka, uliotoboka. Na dhambi ni mapenzi ya mtu yanapouacha wema mkubwa, yaani Mungu, na kukimbilia wema mdogo kana kwamba ndio mkubwa. Fedha ni njema, mwili ni mwema, heshima ni njema. Apendaye hivi kuliko Mungu amejitoboa mwenyewe.

Basi Agostino alikwisha kujua. Je, aliongoka siku ile? Hapana. Yule mwanamke waliyekaa pamoja miaka mingi alirudishwa Afrika ili Agostino aoe msichana wa jamaa yenye cheo. Hata jina lake hatulijui, maana Agostino hakuliandika, nasi tunamwonea huruma. Na kabla ya arusi kufika Agostino akachukua mwanamke mwingine. Alimwomba Mungu ampe usafi wa moyo, lakini asiupate upesi mno. Mwenye kuujua udhaifu wake mwenyewe hatamcheka.

Mwaka 386 mgeni mmoja, Mwafrika mwenzake, aliwasimulia habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyeacha vyote akaenda kukaa jangwani na Mungu. Agostino akaona aibu kubwa: watu wasio na elimu wanauteka ufalme wa mbinguni, na yeye mwenye elimu angali anagaagaa matopeni! Akaingia bustanini, akajitupa chini ya mtini, akalia. Ndipo aliposikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikiimba kwamba achukue asome. Akakichukua kitabu cha Nyaraka za Mtakatifu Paulo, akakifungua, na macho yake yakaangukia sehemu ile ya Waraka kwa Waroma inayotuamuru kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Bwana Yezu Kristu. Hakusoma zaidi. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Mtakatifu Ambrosi akambatiza pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Mwaka ule ule Monika akafa huko Ostia, safarini kurudi Afrika, mwenye amani. Adeodatus naye alikufa angali kijana.

Agostino alitaka kuishi kimya na ndugu zake katika sala. Lakini mwaka 391, alipokuwa katika kanisa la mji wa Hippo, ambao leo huitwa Annaba, watu walimkamata, wakampeleka mbele ya Askofu Valerius ili apewe Upadri, naye akilia. Yapata mwaka 396 akawa askofu, na kazi hiyo akaifanya mpaka kufa. Asubuhi nyingi zilipita akiamua kesi za mashamba na urithi, usiku aliandika. Tunazo barua zake zaidi ya 250 na mahubiri zaidi ya 500. Barua nyingine zilipatikana tena katika karne ya 20 tu. Moja katika hizo yasimulia jinsi wafanya biashara ya watumwa walivyowakamata watu wa vijijini kwa nguvu na kuwauza ng'ambo, na jinsi wakristu wa Hippo walivyowaokoa watu kama 120 waliokuwa wamefungwa. Wazee wetu wa kando ya ziwa Tanganyika wangaliielewa barua ile bila mkalimani. Aliandika pia kitabu kidogo kwa shemasi Deogratias wa Karthago, juu ya namna ya kuwafundisha wanaoanza dini. Humo anaagiza hata jambo hili, kwamba mkatekumeni aliyechoka kusimama apewe kiti. Makatekista walisikie.

Wakati huo alitokea mtawa kutoka Uingereza, jina lake Pelagius, mtu wa maisha magumu na safi. Alifundisha kwamba mtu aweza kushika amri zote kwa nguvu zake mwenyewe, akitaka kweli. Agostino aliyakataa mafundisho hayo miaka mingi, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayalaani. Yeye alikumbuka bustani ya Milano. Alikuwa amejua lililo jema, alikuwa amelitaka nusu, wala hakuweza kuinuka mpaka alipoinuliwa. Mtu huendelea katika wema, ndiyo, na lazima aendelee. Lakini hata ile hamu ya kuendelea ni zawadi ya Mungu. Kwa hiyo aliyeacha pombe mwaka huu asimdharau ambaye hajaiacha.

Alishindana pia na Wadonati, waliosema kwamba Eklezia ni ya watu safi tu. Agostino akawakumbusha shamba lenye ngano na magugu, na wavu wenye samaki wema na wabaya. Mwishowe alikubali sheria za Kaisari ziwalazimishe kurudi. Katika hili sisi hatuwezi kumsifu, na Eklezia leo yafundisha wazi kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa kuamini.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la uzee wake. Tarehe 24 Agosti 410 Wagothi, wakiongozwa na mfalme wao Alaric, waliingia Roma, wakaupora mji siku tatu. Kwa miaka karibu 800 hakuna adui aliyekuwa ameuteka. Watu walidhani dunia imekwisha. Wakimbizi wakavuka bahari mpaka Afrika, na wapagani kati yao wakanung'unika kwamba miungu ya wazee ililinda Roma, nao wakristu wameikataza kuabudiwa; tazameni matokeo yake. Hata wakristu wengine walitikisika. Sisi tunaojua habari ya vijiji vilivyochomwa na watu waliolala porini na watoto wao, tunaijua sauti ile iulizayo Mungu alikuwa wapi.

Agostino hakuwajibu kwa neno moja. Alianza mwaka 413 kuandika kitabu kiitwacho Mji wa Mungu, akakimaliza yapata mwaka 426: sehemu 22. Kwanza aliwaonyesha wapagani kwamba Roma iliteswa mara nyingi kabla ya Kristu, na miungu ile haikuizuia taabu. Halafu akaisimulia historia yote ya wanadamu, tangu malaika walipoanguka mpaka hukumu ya mwisho. Alisema kuna miji miwili. Haigawanyiki kwa kuta, wala kwa kabila, wala kwa rangi, bali kwa upendo: katika mmoja watu hujipenda wenyewe hata kumdharau Mungu, katika wa pili humpenda Mungu hata kujisahau wenyewe. Kaini alimwua ndugu yake, akajenga mji. Romulus naye alimwua ndugu yake, akaianzisha Roma. Na ufalme usio na haki, alifundisha, hauna tofauti na kundi kubwa la wanyang'anyi.

Lakini angalieni vema: Agostino hakusema kwamba Roma ndiyo mji wa shetani, wala kwamba wote walio kanisani ni wa mji wa Mungu. Miji hii miwili imechanganyika mpaka mwisho. Katika adui wa leo yumo mwananchi wa kesho, naye Agostino mwenyewe alikuwa adui zamani. Katika wanaopokea Komunyo nasi wamo wasiokuwa wetu. Mungu peke yake ndiye atakayetenga. Kwa hiyo hakuna serikali ya duniani iliyo paradisi, hata ikiahidi namna gani; wala hakuna serikali ikianguka ambayo yaweza kuuangusha mji wa Mungu. Wenyeji wa mji huo ni wasafiri; huiombea amani nchi wanamopita, hushika sheria zake zilizo za haki, lakini hawaweki mioyo yao hapo.

Na mwisho wenyewe, lini? Yapata mwaka 419 Askofu Hesychius wa Salona alimwandikia kwamba ishara zaonekana, dunia yakaribia kwisha. Agostino akakataa kuhesabu. Alimpa mfano wa watumishi watatu wanaomngoja bwana wao. Wa kwanza asema bwana anakuja upesi. Wa pili asema atakawia, lakini tujitayarishe, kwani maisha yetu ni mafupi. Wa tatu asema hajui. Wote watatu wampenda bwana. Lakini wa kwanza asipomwona bwana atadhihakiwa na wasioamini. Wa tatu hataonekana mwongo kamwe, naye akesha vilevile. Wahubiri wanaopita vijijini wakitaja mwaka wa kiyama, na kuwafanya watu waache kulima, wangalifaa kuusoma waraka ule.

Mwaka 429 Wavandali, chini ya mfalme wao Genseric, walivuka kutoka Hispania, wakaiharibu nchi. Maaskofu na mapadri walimwuliza Agostino kama wakimbie. Aliwajibu kwamba ambaye adui amtafuta yeye peke yake aweza kukimbia, lakini mchungaji hawezi kuwaacha kondoo wasioweza kukimbia. Yeye mwenyewe akabaki. Zamani alikuwa ameviyeyusha vyombo vitakatifu ili kuwakomboa mateka; sasa hakubakiwa na kitu. Mwaka 430 Wavandali wakauzunguka mji wa Hippo. Katika mwezi wa tatu wa vita Agostino akashikwa na homa. Akaagiza Zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, naye akazisoma akilia. Siku kama kumi alikataa wageni wote, isipokuwa waganga na walioleta chakula, ili apate kusali. Tarehe 28 Agosti 430 akafa, mwenye umri wa miaka 75. Hakuandika wosia wa mali, maana hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri. Baadaye watu wakauhama mji, na adui wakauchoma moto. Vitabu vilisalimika.